Mikono ya Bernadine Pawlak

Mara ya kwanza Bernadine Pawlak alipokuja maktaba yetu, alikuja kugombana. Alikuwa na kitabu cha mapishi kilichokosa kurasa mbili, akataka kujua ni nani aliyekikagua kabla ya kumwazima. Nikamwambia hakuna mtu anayekagua vitabu ukurasa kwa ukurasa. Akaniangalia kama mtu aliyekiri wizi. Wiki iliyofuata alirudi na orodha ya vitabu kumi na tisa vyenye kasoro.

Lakini ukijua alikotoka, utamsamehe. Mwanamke huyu alisimama miaka thelathini na moja mwishoni mwa mstari wa uzalishaji katika kiwanda cha ekseli za malori, vile vyuma vinavyoshika magurudumu, ng'ambo ya Mto Saginaw unaopita mjini kwetu, na kazi yake ilikuwa kukataa. Ekseli ikifika mbele yake aliipitishia vidole. Iliyo nzuri aliiacha iende, yenye kasoro aliipaka rangi nyekundu, na wanaume waliomzidi umri waliogopa kile kikopo chake cha rangi kuliko walivyomwogopa meneja. Kisha kiwanda kikafungwa, Bernadine akabaki nyumbani na vidole vyake.

Mimi ndiye niliyemwingiza kwenye shughuli ya roboti, na sababu yangu haikuwa ya kujisifia. Nilitaka apate kitu kingine cha kukagua.

Tulikuwa na watoto watano, wa miaka tisa hadi kumi na mmoja, waliokutana kila Jumanne na Ijumaa kwenye chumba cha chini cha maktaba. Roboti yao ilikuwa ndogo, ungeweza kuipakata kama paka: vipande vya plastiki, mota mbili, magurudumu mawili, na jicho tumboni la kusomea mstari mweusi sakafuni. Watoto huiunda wenyewe, halafu huandika kwenye laptopu amri za kuiendesha: nenda, geuka, simama, sukuma kile kiboksi, rudi nyumbani. Machi wanaipeleka mashindanoni.

Na sheria ya mashindano ni moja kubwa. Mtu mzima hagusi. Kuibeba roboti mpaka kabatini, sawa. Lakini hakazi, halegezi, habonyezi kitufe cha laptopu. Anaruhusiwa kuuliza maswali, basi. Huku kwetu watu huiheshimu sheria hiyo kuliko kikomo cha mwendo barabarani. Kocha anayegusa haonekani tena msimu unaofuata, na watoto wake hutazamwa vibaya kila wanakokwenda. Bernadine alitia saini karatasi ya kiapo ya kocha, nami nikatia yangu chini yake kama shahidi.

Alikuwa mwalimu mzuri ajabu, na nasema hivyo nikiwa mtu niliyemkimbia mara kadhaa kwenye rafu za historia. Aliweka mikono mfukoni, akauliza. "Mbona imekwenda kule? Umepima, au umedhani?" Watoto wakaanza kuulizana hivyo hivyo wao kwa wao. Marisol Treviño, wa miaka kumi na mmoja, ndiye aliyekuwa mwandishi wa programu, mtoto wa maneno machache. Oakley Reinbold, wa miaka tisa, alikuwa fundi wa kuunda, na maneno yote aliyoyaacha Marisol aliyatumia yeye.

Ijumaa, siku moja kabla ya mashindano, roboti ilikuwa ikivuta kushoto. Walihangaika nayo karibu saa nzima. Mwishowe Marisol akaandika amri ya kupunguza mwendo wa gurudumu la kulia, kidogo tu. Wakajaribu mara kumi, na mara tisa ikaenda mpaka kwenye kiboksi na kurudi.

"Bi Pawlak, sema kweli," Oakley akasema, "si kali hiyo?"

"Inakwenda."

"Inakwenda ndiyo sifa gani sasa?"

"Kwangu mimi hiyo ndiyo kubwa. Kuna malori hayajawahi kuipata."

Watoto wakaondoka na wazazi wao. Nami nikapanda juu kufunga madirisha, kwa sababu ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, siku ya kutokula nyama, na sote tulikuwa tunawahi samaki wa kukaanga wanaouzwa kanisani. Bernadine akabaki kuiweka roboti kabatini. Alipoinyanyua, kidole chake kikapita kwenye ekseli ya gurudumu la kushoto.

Ilikuwa imepinda. Si kwa kuona, kwa kugusa tu.

Jasiri haachi asili. Aliichomoa, akachukua iliyonyooka kwenye boksi la vipuri, akaichomeka, akatia ile mbovu kwenye mfuko wa koti. Baadaye aliniambia haikuchukua hata dakika mbili, na kwamba kichwa chake hakikuwepo kabisa. Akaja kanisani, akala sahani mbili za samaki kwa raha zake, akatushinda kwenye karata.

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, simu yangu ikalia.

"Gail, nimewaharibia watoto."

"Umefanya nini, shoga?"

Akanieleza. Alikuwa akisubiri yai lichemke ndipo ilipomjia: amri ya Marisol ilikuwa imetungwa kwa ajili ya ekseli iliyopinda. Gurudumu la kulia lilipunguzwa mwendo ili lilingane na la kushoto lililokuwa likikwama. Sasa la kushoto limepona, halikwami tena, na la kulia bado linatembea polepole. Roboti ingevuta kulia mpaka nje ya meza, na watoto wasingejua kwa nini.

Nitakiri ushauri niliompa, maana hadithi hii ni yake, yangu haina haja ya kupambwa. Nilimwambia aje mapema, airudishe ile mbovu kabla watoto hawajafika, tunyamaze.

"Hapo nitakuwa nimegusa mara mbili," akasema, akakata simu.

Nilipofika kwenye ukumbi wa michezo wa shule palipofanyika mashindano, alikuwa amekwisha kuwaketisha watoto wote watano kwenye benchi. Alisimama mbele yao na koti lake la theluji, uso umemshuka. Roho iliniuma. Mwanamke aliyekataa ekseli za watu miaka thelathini na moja alikuwa akingoja kukataliwa na watoto, na nilijua wakimkataa asingerudi maktaba hata kwa kugombana.

Akawaambia yote, hakupunguza. Akaweka ile ekseli mbovu juu ya benchi.

Wa kwanza kusema alikuwa Oakley, nani mwingine. "Si wewe uliyesema mtu mzima akigusa ni sawa na kuiba?"

"Nilisema."

"Kwa hiyo wewe ni mwizi."

"Ndiyo, Oakley. Jana nilikuwa mwizi."

Marisol alikuwa akitazama viatu vyake. "Uliona hatutaweza," akasema.

"Hapana, mwanangu. Sikuona wala sikufikiri. Mikono yangu ndiyo iliyofanya, mimi nikaifuata. Na kazi yako niliiharibu. Programu yako ilikuwa sahihi."

"Mara tisa kwa kumi."

"Mara tisa kwa kumi. Nilihesabu."

Marisol akaichukua ile ekseli, akampa Oakley, naye akaingia kazini kuirudisha mahali pake. Bernadine akaenda peke yake kwa mwamuzi, binti mmoja mwenye kofia ya manyoya ya rangi ya chungwa, akakiri tena. Nilimfuata nyuma kama mama wa mshtakiwa. Binti yule akamsikiliza, akaja kwenye benchi letu, akawauliza watoto, si sisi.

"Hii roboti sasa hivi ni kama mlivyoiunda nyie?"

"Ni yetu," Marisol akasema. "Hata ubovu wake ni wetu."

Mwamuzi akacheka. "Basi shindaneni. Kocha akae nyuma ya utepe, na mikono yake niione."

Oakley akasema kuona hakutoshi. Akamkalisha Bernadine kwenye kiti cha chuma na kumwamuru aikalie mikono yake, kiganja chini, mpaka mwisho. Bernadine akatii. Nimemjua mwanamke huyu miaka mitano na sijamwona akitii mtu mwingine.

Roboti ikaondoka. Ikayumba kidogo, ikashika mstari, ikasukuma kiboksi mpaka mahali pake, ikageuka, ikarudi. Bernadine alikuwa analia waziwazi, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, kwa sababu hakuwa na mkono wa kuyafutia. Tulikuwa wa kumi na tatu kati ya timu ishirini na nne, na sijawahi kufurahia namba kama ile.

Wakati wa kufunga vitu, Bernadine alikuja akasimama kando ya meza yetu, mbali kidogo, ameshika kofia. Alikuja kuaga. Niliijua ile sauti ya kusafisha koo.

Marisol akamtangulia. "Bi Pawlak, ulijuaje imepinda? Sisi tuliitazama saa nzima hatukuona."

"Nilihisi tu kwa kidole." Akaunyoosha mkono kuelekea ile roboti.

"Usishike," Marisol akasema. "Niambie."

Bernadine akaurudisha mkono. Midomo ikamtikisika kama mtu anayetafuta jina la jirani wa zamani. Miaka thelathini na moja, na hakuna aliyewahi kumwomba aiseme kazi yake kwa maneno.

"Itoe ekseli," akasema mwishowe. "Ilaze kwenye meza. Sasa izungushe kwa kidole kimoja, polepole, usikandamize. Unasikia nini?"

Watoto watano wakainama pamoja.

"Inaruka," Marisol akasema. "Kila ikizunguka, pale pale."

"Hapo hapo," akasema Bernadine, akavuta kiti. "Sasa mpe Oakley naye ajaribu."