Neno «Nimefungwa»

Mimi niliyejenga nyumba ya matofali Mususa, mutaa wa kwetu Butembo, kwa kuuza kakao, bila kumaliza shule, nilisemaka kwamba hakuna kitu kinaweza kunishangaza. Mais vita vilinikuta Beni, barabara ya kurudi Butembo ikakatika, nikabaki ndani ya chumba cha oteli nasikia mulio wa masasi. Simu ya bibi yangu, mama ya batoto bangu, haikupita. Donc nikaandika kwenye blogu yangu, ile batu ba Butembo banasomaka na kunijibu palepale chini: «Nimefungwa Beni. Mumwambie bibi yangu.»

Musomaji mumoja akajibu: «Papa, vumilia, tutakutoa!»

Mwingine: «Mukubwa, ulijivuna sana, sasa kula maharagi ya serikali!»

Ni pale nilielewa: mimi nilisema njia imefungwa, bao basomaji balisoma gereza. Kabla nibadilishe neno, rezo ya simu ikakufa. Nikakaa kitandani naangalia mulango, siwezi kutoka, siwezi hata kujieleza.

Njia ilipofunguka, nikarudi Butembo, nilikuta basomaji balishachanga pesa, na shemeji yangu alishazipeleka kwa afande mumoja asiyenijua hata sura.

«Aliahidi utatoka,» shemeji akasema. «Na si umetoka?»

Nikarudishia kila mutu pesa yake kutoka mufuko wangu: jumla dola mia moja makumi tatu na tano.