Kata Keki, Acha Foleni

Juzi, kwenye kibanda cha kuchoma DVD pale Buswelu, mama mmoja aliyekuwa mbele yangu alimkabidhi fundi flashi yenye video ya harusi ya binti yake. Fundi akaifungua, akatikisa kichwa.

"Mama, hii ni video ya saa nne. Diski inabeba saa mbili vizuri. Nikizibana zote, sura zitakuwa na ukungu. Nikate hapa wageni wanapopanga foleni kupongeza?"

Mama akamshika mkono. "Foleni usiiguse. Kata keki. Kata na maharusi wakicheza."

"Maharusi, mama?"

"Hao wanakaa Mkolani, nawaona kila Jumapili. Kwenye foleni yumo shangazi yangu, katoka Ukerewe na fimbo yake. Yeye nitamwona wapi tena?"

Fundi alinitazama, nami nikatazama dari. Kisha akaiondoa keki.

Niliporudi nyumbani Pasiansi nikaitafuta diski ya harusi yangu, nikaiweka kwenye deki. Fundi aliyetupiga video siku ile alipenda keki kuliko sisi: tunaikata dakika kumi na tano. Marehemu mama yangu anapita nyuma ya keki mara moja tu, amebeba sinia.

Nimerudisha nyuma mara sita ili apite tena.