Ua wa Mama na Neno la Mkutanoni

Jumamosi ile ya ua, mwanangu, naikumbuka kama ninavyoikumbuka sauti ya mama yangu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa, Bukavu haionekani kabisa, na sisi watu wa mtaa tulikuwa tumemaliza kuzibua mifereji, majembe begani, tukisubiri mkutano uanze. Katika mkutano huo niliitikia kwa kichwa neno ambalo sikulielewa. Jumamosi iliyopita nimekuona wewe ukifanya vilevile walipokuwa wakieleza habari za taa za njiani, ndiyo maana nimekuita ukae hapa. Kunywa chai yako taratibu. Haitakimbia, na mimi pia sitakimbia, magoti yangu hayaniruhusu.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, meno yangu yote yapo na mdomo wangu mkali. Nilizaliwa Bukavu, nikakulia Bukavu, kisha tukarudi huku Cyangugu, upande wa Rwanda, na mama. Kinyarwanda changu kilikuwa cha jikoni, cha kuambiwa lete maji na funga mlango. Sokoni walinicheka mpaka nikajitafutia dawa: kila nikiambiwa jambo, naitikia kwa kichwa. Siku moja niliitikia hivyohivyo nikajikuta nimeandikwa katika kwaya ya kanisa, mimi ambaye nikiimba kuku wanatoka uani.

Mama alipanda ua wa miyenzi, ile minyaa yenye utomvu mweupe, kuzunguka kiwanja chetu katika mvua za kwanza tulizozikuta hapa. Alikata vijiti kimoja kimoja, akavichomeka ardhini, yale maziwa ya miyenzi yakimchoma vidole, huku akisema sasa tumefika. Alipofariki, ua ulikuwa umepita paa la nyumba. Sikuugusa. Niliuona kama mgongo wa mama bado umesimama pale.

Sasa njia ya mkato inayotoka mpakani kupanda hadi Kamembe inapita kando ya ua huo, kama unavyojua. Siku zile kila nyumba ilikuwa na ua mrefu, njia ikawa kama shimo, na akina mama waliopanda na mizigo yao walikuwa wakinyang'anywa humo mchana kweupe. Baraza la mtaa likakaa. Mkuu wake alikuwa Mzee Gaspard, mwalimu mstaafu, mtu wa sauti ndogo. Jumamosi ile akasimama mbele yetu akasema kwa Kinyarwanda kila nyumba ikubali *kugabanya*.

Kwetu Bukavu tukisema kugabanya tunataka kusema kugawanya. Nikasikia kwamba wanataka kugawanya viwanja. Nilitaka kupinga, lakini kichwa, kwa mazoea yake, kikaitikia.

Wiki iliyofuata walikuja na mapanga. Nilikuwa nimewaona wakikata nyua za wenzangu, nikajisemea hao wameanza na ua, kesho wataleta kamba ya kupimia. Nikasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Hakuna muntu atagabanya hapa," nikamwambia Mzee Gaspard. "Hii ni ya mama yangu."

Akaniuliza kwa upole, kwa Kinyarwanda, kama hata kidogo haiwezekani. Nikasema hata kidogo. Akawaambia wenzake waniache, bado nina majonzi ya mama, atarudi siku nyingine. Niliingia ndani nikajiona shujaa. Nacheka sasa, lakini siku ile sikuona la kuchekesha.

Nilikuwa na rafiki yangu, Nsimire. Tulikaa dawati moja shuleni Bukavu. Kila asubuhi alivuka mpaka na furushi la vitenge kichwani, akapanda kwa njia ile, na akifika nyuma ya ua wangu aliita, "Uko?" Nami nilijibu, "Niko." Hatukuonana, tulisikiana tu, kisha kila mtu akaendelea na shughuli zake. Nilikuwa naipenda asubuhi kwa sababu ya neno hilo moja.

Haikupita hata wiki mbili. Nilikuwa nafagia. Akaita, "Uko?" Nikajibu, "Niko." Nikasikia kishindo, nikadhani ametua furushi apumzike. Kisha akapiga kelele. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumshika mkono, lakini kati yetu kulikuwa na ua, na mlango wangu uko upande wa pili wa nyumba. Nilipofika, vitenge havikuwapo, na Nsimire alikuwa amelala chini kwenye mawe, mkono wake wa kulia umekunjika pasipo na kiwiko.

Mwizi aliyemvuta na kumwangusha alikuwa amejificha ndani ya ua wangu. Matawi yalikuwa yamevunjika, maziwa bado yanadondoka. Nyua nyingine zote zilikuwa zimekatwa, mwanangu. Hakuwa na mahali pengine pa kujificha isipokuwa kwangu.

Alasiri Mzee Gaspard alikuja, akakaa kwenye kigoda. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili, na sikuwa najua kwamba anakijua.

"Binti yangu, siku ile niliposema kugabanya, ulisikia nini?"

"Kukata kiwanja," nikasema. "Nusu inabaki kwangu, nusu inaenda kwa muntu mwingine."

Akafumba macho. "Kwa Kinyarwanda nilisema kupunguza. Ua ufike kiunoni, bantu ba nyumbani baone njia. Ni hiyo tu, binti yangu."

Akaniuliza mbona sikuuliza. Nikamwambia niliona haya, wangenicheka. Hakupandisha sauti. Alisema kucheka kwa watu kungekwisha kabla sijafika nyumbani, lakini mkono wa Nsimire hautakwisha kuuma. Kisha akasema kosa ni lake pia, maana alijua nusu ya watu wake wametoka ng'ambo na hakujisumbua kusema mara mbili.

Nilikata ua ule mwenyewe jioni hiyohiyo, nikilia, nikimwomba mama msamaha kwa kila tawi. Nilipoinua kichwa niliona ziwa lote, na milima ya Bukavu nyuma yake, kule alikonizalia. Miaka yote ile nilikuwa nimeiziba.

Tangu mkutano uliofuata Mzee Gaspard alinisimamisha kando yake. Yeye anasema, mimi narudia kwa Kiswahili, na kabla ya kuondoka anamchagua mtu mmoja aeleze alichosikia. Alipofariki, waliomfuata hawakuniruhusu kuiacha nafasi ile nipumzike. Mpaka leo ninarudia kila neno, na mpaka leo naikosa sauti yake ndogo upande wangu wa kushoto.

Sasa sikiliza. Wakisema jambo mkutanoni na hukulielewa, inua mkono. Sema, sikuelewa, rudieni. Watu wakicheka, cheka nao. Usiitikie kwa kichwa kwa ajili ya kuonekana mwerevu, maana usalama wa mtaa unapitia masikioni mwa kila mmoja wetu, na ukikosea wewe ataumia anayepita kwako. Na kitu ulichoachiwa na wazazi kitunze, lakini usikiache kikue mpaka kiwafiche wabaya. Mama yangu alipanda ua ili tujue tumefika. Hakuupanda ili Nsimire avunjike.

Hebu tazama njiani. Yule anayepanda na fimbo ndiye. Vitenge sasa anauza binti yake, yeye anakuja kunisalimia tu. Ataita, ingawa ananiona kabisa, na atainua mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia haukuinuka tena. Na mimi nitajibu, na kila nikijibu kitu kinanichoma hapa kifuani.

Mungu akupe ulimi usioona haya kuuliza, mwanangu. Akupe jirani wa kukuita asubuhi, na macho ya kumwona anapoita. Nyamaza kidogo, amefika.

"Uko?"

"Niko, Nsimire. Nakuona."