Mzee Dabanka Aliyefika Msibani Kinyumenyume

Mjomba wangu Yaw Dabanka alikuwa mkuu wa ukoo wetu pale Effiduase, na alikuwa na gari. Yeye mwenyewe aliona hayo mawili ni cheo kimoja. Gari lilikuwa kuukuu, mkono wa gia umechomoza pembeni mwa usukani, na kuingiza namba mbili kulitaka mtu aliyezoea kutwanga fufu kinuni. Ukimshauri alipeleke kwa fundi, anakukata kauli: "Hiyo ni tabia yake, si ugonjwa."

Siku ya mazishi ya mama mkubwa Akyaamaa, tulikuwa tunakwenda Asokore, ambako ni karibu tu. Mjomba alikuwa mbele na mkewe Nsowaa. Mimi nyuma na Bwana Brenya, kiongozi wa kwaya. Mjomba akarudi nyuma kidogo kutoka kituo cha mafuta ili atangulie msafara. Alipotaka kuweka namba moja, gia ikagoma kutoka kwenye rivasi. Akavuta, akasukuma, akaliita gari jina ambalo halifai siku ya msiba.

"Klachi imekufa," akasema Brenya. Gari lake mwenyewe liliharibika klachi, na tangu hapo kila gari lililosimama barabarani lilikuwa na ugonjwa huo huo.

"Imekufa vipi, Bwana Brenya?" akauliza Nsowaa. "Akikanyaga, gari linasimama. Akiachia, linakwenda nyuma. Hiyo klachi ina afya kuliko wewe."

"Mama, ufundi si kupika."

"Mume wangu, hebu zima injini ujaribu tena. Ikitoka, tuilaumu klachi."

Mjomba akazima, akavuta kwa mikono miwili. Wapi! Gia haikutikisika.

"Basi tatizo ni gia zenyewe," akasema Nsowaa. "Twende na gari la kina Fofie hilo hapo nyuma, tutachelewa."

Mjomba akamtazama kana kwamba ameambiwa avue nguo. "Mimi? Mkuu wa ukoo nibanwe kwenye gari la watu, na sufuria za supu magotini? Geukeni mtazame nyuma. Mnielekeze."

Hivyo ndivyo tulivyokwenda Asokore. Mjomba alikuwa amejipinda shingo, Brenya anapiga kelele "Kushoto! Kushoto kwako!", mbuzi wanakimbia, na msafara mzima unatufuata polepole ukitutazama usoni. Nsowaa alijifunika kitambaa chake chekundu cha msiba mpaka kichwani, asijulikane.

Tulipoingia uwanjani kwa matako ya gari, ngoma zikanyamaza. Niliona midomo ikianza kutetemeka kwa vicheko. Lakini msemaji wa msiba, ambaye alilipwa kusifu chochote kitakachotokea, akanyakua kipaza sauti. "Mnaona, waombolezaji? Mkuu wa ukoo hawezi kuutazama mwili wa dada yake! Amekuja amekipa kifo mgongo!"

Kina mama wakaangua kilio. Mzee mmoja akavua viatu kwa heshima. Mjomba, aliyekuwa anashuka huku shingo imemkaza upande, akaelewa haraka sana. Akaiacha shingo ikae vivyo hivyo.

Baada ya mazishi Fofie mwenyewe, ambaye ni fundi na alikuwa ametangulia Asokore tangu asubuhi, alifungua boneti akiwa na nguo zake nyeusi, akacheka. "Mjomba, giaboksi ni nzima, klachi ni nzima. Ni kile kipande cha mpira kinachoshika fimbo ya gia. Kimelika, fimbo imechomoka. Naifunga kwa waya sasa hivi, ukifika nyumbani tunaweka mpira mpya."

"Shusha boneti!" mjomba akamnong'oneza.

"Lakini ni dakika tu, mjomba."

"Watu bado wapo, we mtoto! Unataka niondoke msibani natazama mbele kama dereva wa teksi?"

Fofie akanitazama. Nsowaa akasema, "Mwanangu, fanya kazi yako. Akikataa, arudi kinyumenyume peke yake, mimi natembea." Na kweli akatembea. Fimbo ikafungwa giza lilipoingia, watu walipokwisha kuondoka.

Mwezi uliofuata tulikwenda mazishi ya ukoo mwingine, watu wenye fedha. Mkuu wao alifika na gari jipya kabisa, linang'aa, kinyumenyume. Nyuma yake wadogo zake wawili, nao kinyumenyume. Gari la tatu liligonga jukwaa la kwaya.

Mjomba alisonya. "Watu hawa," akasema, "hawana huzuni ya kweli."