Bomba la Antena

Sikuwahi kushinda mbio zozote, na sioni aibu kusema. Nilikimbia kwa kupenda tu, kutoka kwetu Makadara hadi Donholm na kurudi kabla jua halijachomoza, nikiwa na raba za mitumba zilizonizidi, nimezijaza gazeti mbele. Vijana wa pale kona waliniuliza kila asubuhi, "Sasa siz, umeiba nini?" Baba, ambaye saa hizo alikuwa anarudi kutoka zamu ya usiku kiwandani, alikuwa na swali lake: "Msichana mzima, unafukuzwa na nani?" Hakuwa mkali. Hakuelewa tu, na mtu asiyeelewa hurudia swali lile lile miaka nenda miaka rudi.

Lakini kukimbia kwangu kulikuwa kidogo mbele ya kutazama. Marathoni ya mashindano makubwa ikionyeshwa kwenye televisheni, nilikuwa sishikiki. Nilipenda urefu wake. Kwa muda ule mrefu unawajua wakimbiaji: huyu hurusha mkono wa kushoto, yule hugeuka kila mara, na mkimbiaji akianza kutazama nyuma, ujue ameanza kushindwa. Haya yote nilimsimulia baba akila chakula chake, hata asiponiuliza.

Televisheni yetu ilikuwa ndogo, ya picha nyeusi na nyeupe, na antena ilifungwa kwenye bomba la chuma nje ya dirisha. Bomba likiachwa peke yake, picha inajaa chenga. Mtu akilishika, inatulia. Fundi alisema tununue waya mpya. Baba akamwambia aende zake, mikono yetu inatosha. Kwa hiyo siku za mbio za wanaume ploti nzima ilijazana kwetu, na vijana walilishika bomba kwa zamu bila kulazimishwa.

Ikaja marathoni ya wanawake, Jumamosi moja asubuhi. Vijana walikuja pia, maana kulikuwa na dada mmoja wa Kenya. Mimi nilikuwa nimeingoja wiki nzima. Nilikuwa najiandaa kukimbia masafa yale kwa mara ya kwanza, na niliogopa kwamba mwili wangu hautaweza. Nilitaka kumwona mwanamke wa kwetu akimaliza, ndipo niamini.

Katikati ya mbio dada yetu akaachwa. Kwanza kidogo, halafu sana. Kijana aliyekuwa zamu akachungulia dirishani. "Wasee, hii imeisha. Wetu ameachwa mbali." Akaliacha bomba, wenzake wakamfuata. Chenga zikarudi. Nikatoka nikalishika mwenyewe, lakini kutoka pale nje kioo hakionekani. Nikikimbilia ndani, chenga. Nikirudi nje, sioni kitu. Nililia kwa hasira.

Baba alikuwa amelala. Kelele zangu zikamwamsha, akatoka na fulana yake ya kulalia, akanitazama, akalitazama bomba.

"Lete hapa," akasema. "Ingia ndani."

Akalishika bomba, picha ikatulia. Mkimbiaji wa kwanza akafika, kisha wa pili, kisha kundi. Mama alikuwa amechemsha chai, nikamwita baba kupitia dirisha.

"Baba, njoo unywe chai. Washindi wameshapatikana."

"Wetu amefika?"

"Bado."

"Sasa chai ya nini?" Akabadilisha mkono, akaendelea kusimama juani.

Dada yetu alifika. Aliingia uwanjani akiyumba, akavuka mstari, halafu akainama akafungua kamba za viatu taratibu, kama mtu aliyerudi kwake jioni. Nilimtangazia baba kila hatua kwa sauti ambayo nadhani ilisikika hadi Jogoo Road. Nilifurahi kupita siku zote tulizoshinda.

Baba hakuziona mbio zile hata kidogo. Lakini jioni nilimsikia uani kwetu akiwasimulia majirani jinsi dada yetu alivyoyumba na jinsi alivyofungua kamba za viatu. Akawaambia vijana kwamba watu wasio na subira hukosa mambo. Nikamwacha aseme.

Jumatatu asubuhi tulikutana barabarani kama kawaida, yeye anatoka kazini, mimi nakimbia. Nikangoja lile swali lake. Baba akasogea kando ya njia, akanipisha.

"Usitazame nyuma," akasema.