Siku Nilipomtoa Bibi Jikoni

Tulipohamishwa pwani kupisha mradi wa gesi na kuletwa hapa kijiji cha Quitunda, bibi alipewa nyumba ya tofali, yenye mabati na dirisha la kioo. Akashukuru sana, akafugia kuku ndani. Yeye akajijengea jiko la makuti nyuma ya nyumba, akapika humo na kulala humo humo. Wenzangu wa escola, tunaosoma darasa moja, nikawa nawaleta kumtazama, nawaambia huyu kapewa nyumba, kawapangisha kuku.

"Mume wangu," ananiita mbele yao, "leo umeniletea nini?"

"Talaka."

"Ilete upesi, niolewe na mwenye ndevu."

Ndivyo tulivyoishi.

Mchana mmoja nikiwa narudi kutoka escola, wingu lilining'iniza mkia upande wa bahari. Kisulisuli, lakini si vile vya uwanjani tunavyovirushia mchanga na kuvitukana. Kilipita kwanza kwenye kambi ya wafanyakazi wa gesi, ng'ambo ya uzio, kikaambua mabati ya maghala kama mtu anayemenya muhogo. Miaka yote tulitamani vitu vya kule. Siku hiyo vikaanza kuja vyenyewe.

Nilimkuta bibi jikoni juu ya mbuzi, anakuna nazi.

"Ingia kwenye nyumba, bibi."

"Siingii. Makuti upepo unapita katikati, unakwenda zake. Tofali linabishana nao."

"Mke wangu, ukifia kwenye makuti watasema mumeo hohehahe."

Akacheka. Akicheka hulegea mwili mzima, najua, kwa hiyo hapo hapo nikamtupa begani. Alinipiga mgongoni kwa kifuu mpaka mlangoni. Nikamketisha chini ya dirisha, katikati ya kuku, nikamwambia karibu nyumbani.

Bati lililoingia halikuwa letu. Lilikuwa la buluu, refu, la maghala ya kule. Lilivunja kioo, likashuka pale nilipomketisha. Mguu wake wa kushoto ukabaki unashikiliwa na ngozi. Paa letu likaondoka baadaye, taratibu, kama mgeni aliyekwisha kula.

Nilipotoka kuita watu, jiko lilikuwa limesimama. Kuti moja tu lilikuwa limepinduka. Chungu kilikuwa kinachemka.

Jirani yetu, mama muuza mandazi, alinishika mikono yote miwili. "Mungu akulipe, mwanangu. Angekuwa kwenye kile kibanda chake, tungekuwa tunamzika."

Nikaitikia amina.

Hospitalini waliukata juu ya goti. Aliporudi alidai arudishwe jikoni, tukamrudisha. Nikasubiri wiki nzima, kisha nikajaribu.

"Mke wangu, sasa jozi moja ya ndara utavaa miaka miwili."

Zamani angenirushia mwiko. Alinitazama kama anavyomtazama mpita njia.

"Sogea, mtoto," akasema. "Unaniziba mwanga."

Maji namchotea mimi, asubuhi na jioni. Kila nikiweka ndoo naita, "Mke wangu, maji."

"Weka hapo, mtoto."