Meli Niliyoizuia Barafuni

Baba alikuja Dodoma kwa ajili ya macho. Hospitali walimwangalia mara tatu, na mara ya tatu daktari akaniita pembeni akaniambia presha ya macho imeshamaliza kazi yake, hakuna la kufanya tena. Nilipomweleza baba alimshukuru Mungu, kisha akauliza basi la Kondoa linaondoka saa ngapi.

Nilikuwa naishi peke yangu Chang'ombe ya hapohapo Dodoma, vyumba viwili na sebule, mwaka wa tatu tangu mke wangu aondoke. Kazi yangu ni kupanga mafaili ya watu wengine. Ningeweza kutoka ofisini Ijumaa nikafika Jumatatu bila kusema neno zaidi ya "nipe mkate". Kisha akaja mzee, akawa anakohoa chumba cha pili, anauliza nani huyo anapita nje, analalamika chai haina sukari. Nyumba ikawa na mtu. Sikutaka aende, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia hivyo.

Nilikuwa na kitabu kikuukuu cha Kiingereza, nilichojichukulia siku chuo kimoja kule Hombolo walipokuwa wanatupa vitabu vilivyochakaa. Kilieleza safari ya zamani ya meli ya mbao, ya watu waliokwenda kutafuta ncha ya kusini ya dunia kabla mtu yeyote hajaifikia. Nikamwambia baba, kaa nikusomee hiki, kikiisha nitakupeleka nyumbani mwenyewe. Baba akikupa neno, amekupa. Alifikiri kidogo, akasema, "Haya. Kikiisha."

Kila siku baada ya sala ya alasiri tulikaa barazani. Mimi nilisoma kimoyomoyo kwa Kiingereza na kumsimulia kwa Kiswahili. Alama ya ukurasa ilikuwa kazi yake: alichomoa njiti kwenye ufagio wa chelewa, na tulipofika mwisho wa siku aliichomeka mwenyewe, akafunga kitabu, akakiweka mapajani.

"Walikuwa wanatafuta nini huko?" aliuliza siku ya kwanza.

"Kupaona tu, baba."

"Pana nini?"

"Hapana kitu. Barafu."

Alicheka mpaka akakohoa. "Mimi nilitembea na punda mpaka Singida kufuata chumvi, watu wakasema nina wazimu. Kumbe nina wakubwa zangu!"

Meli iliponaswa, nilitoa kipande cha barafu kwenye friji nikamwekea kiganjani ili aelewe kilichowashika. Alikishika mpaka kikayeyuka chote, maji yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Nikamwambia bahari yote iliganda hivyo, ikawa nchi kavu, mbao za meli zikilia usiku na mchana kwa kubanwa. Halafu jua likazama na lisirudi kwa zaidi ya miezi miwili. Hapo hakucheka.

"Walijuaje wakati wa sala?"

"Hawakuwa Waislamu, baba. Walikuwa na saa."

"Hata Mkristo ana wakati wake," alisema. "Mimi najua kumekucha kwa jogoo wa jirani yako. Wao hawakuwa na jogoo?"

Nikatazama kitabuni kana kwamba jibu limo humo. Nikamwambia hawakuwa naye. Alisikitika kweli, kuliko alivyosikitika siku ile hospitali.

Waliugua. Fizi zilivimba, meno yakalegea, miguu ikajaa maji, yote kwa kukosa chakula kibichi. Tabibu wao aliwaambia wale nyama ya sili, mnyama wa baharini mwenye mafuta mengi, lakini nahodha alikataa kwa sababu inanuka. "Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi," baba alisema, na siku nahodha aliposalimu amri akala, baba alipiga goti lake kwa furaha. Alikuwapo pia baharia mmoja aliyeshuka melini akaanza kutembea juu ya barafu, akisema anakwenda kwao kwa miguu. Wakamkimbilia wakamrudisha.

"Huyo namwelewa," alisema baba. Nilijifanya sikusikia.

Kitabuni meli ilitoka. Barazani kwangu haikutoka. Nilipoona kurasa zimebaki chache nilianza kurudi nyuma, nikasoma tena nilizokwisha kusoma na kubadilisha hili na lile, na zilipochosha nikatunga. Nilitunga ugomvi wa blanketi. Nilitunga mpishi mwoga aliyeficha mfuko wa unga chini ya kitanda, nikampa tabia zote za shangazi yangu, na baba akampenda kuliko nahodha. Kila alipouliza, "Wametoka?" nilijibu, "Bado, baba, barafu nene." Oktoba ikaisha hivyo, na Novemba nayo.

Dada yangu aliyebaki nyumbani alinipigia simu. Baba anakuja lini? Wiki ijayo, nikamwambia. Akapiga tena, nikamwambia wiki ijayo. Mara ya tatu alikata simu kabla sijamaliza kusema.

Mvua ya kwanza ilitukuta barazani. Ilianza kwa vumbi, halafu ikagonga bati mpaka sauti yangu ikamezwa. Baba aliinua uso akavuta harufu ya udongo. Ilipopungua alinyoosha mkono akachukua kitabu, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa kurasa mpaka kwenye njiti.

"Hizi zilizobaki ni nyembamba kuliko kucha," alisema. "Zimekuwa hivi siku nyingi. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

Nilikuwa mtu mzima mwenye mvi, nikaona haya kama mtoto.

"Watoe, mwanangu," akasema. "Wamekaa sana."

Nikawatoa jioni ileile. Nilimsomea jinsi walivyochukua misumeno ya mkono, wagonjwa kwa wazima, wakakata mfereji kwenye barafu kwa majuma, wakakaribia maji, barafu ikajifunga tena, wakaanza upya, mpaka asubuhi moja ikapasuka yenyewe wakapita. Nilimwambia pia kwamba wawili hawakurudi. Hakuuliza habari za mpishi, nami nikajua kwamba hilo nalo alilijua.

Kesho yake tulipanda basi. Baada ya Kondoa mjini tulipata pikipiki hadi kijijini, na kwa kuwa kule mvua ilitangulia majuma mawili, njiani nikaona mashamba ya watu yamechora mistari ya kijani, uwele umeshatoa majani. Letu lilikuwa jekundu, tupu, limepondwa na mvua.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kwetu mbegu hutiwa mavumbini kabla ya mvua, ili tone la kwanza liikute, na hakuna mkono unaotangulia mkono wa mkubwa wa nyumba. Punje ya kwanza huidondosha yeye. Nilikua nikiliona jambo hilo kila mwaka, na miaka ya mafaili ikalifuta kichwani mwangu. Dada yangu alikuwa na mbegu kwenye kibuyu tangu Oktoba, anangoja wiki ijayo yangu.

"Shikamoo, dada," nilisema.

"Marahaba," akajibu, wala hakunitazama. Alimshika baba mkono, akampeleka shambani, na baba akainama akapapasa tope kwa viganja viwili. Akadondosha punje yake. Hakunilaumu, si siku ile wala baadaye, na heri angenilaumu. Mwaka ule mvua ilikatika mapema. Uwele wetu ulikauka ukiwa bado haujajaza masuke, na dada akauza mbuzi kununua chakula.

Baba aliondoka na kitabu, ingawa kule hakuna wa kumsomea Kiingereza. Mimi nikarudi Chang'ombe. Chumba cha pili nilikifunga, kisha nikakifungua, maana mlango uliofungwa ulinisumbua zaidi. Jogoo wa jirani bado anawika, na sasa mimi ndiye ninayemsikia.

Mwaka huu, Novemba, baba alinipigia kwa simu ya dada. Akaniambia njiti ameirudisha katikati, pale jua lilipopotea. "Njoo uwatoe tena," alisema. "Na mpishi umrudishe. Hapa nimewasimulia, wanamtaka yeye tu."

Nilitazama meza yangu yenye mafaili, na kabla sijafikiri ulimi ukasema wenyewe: "Wiki ijayo, baba."

Nyuma yake nilisikia watu wakicheka na jembe likigonga jiwe.

"Haya," akasema kwa upole. "Wala usiharakishe, mwanangu. Mwaka huu tumeshapanda."